Chuo Alichokiimba Baba

Kazi yenyewe iliitwa ubalozi wa chuo, na mpaka leo nikiitaja mbele ya watu wa rika langu wanacheka, maana kwetu balozi ni mzee wa nyumba kumi, anayeamua ugomvi wa mbuzi walioingia shambani kwa jirani. Mimi nilikuwa balozi wa namna nyingine. Chuo kilinipa fulana mbili za rangi ya chungwa, kofia, mfuko wa vipeperushi na nauli, kikaniambia niende nyumbani likizo nikawaeleze wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao kwamba shahada sasa inapatikana karibu. Balozi alipunguziwa ada. Sitajifanya kwamba punguzo lile halikunifurahisha, lakini pia simkubalii mtu anayesema nilifanya kwa ajili yake tu. Nilikipenda kile chuo, na niliwasifia watu kitu nilichokipenda.

Kilikuwa chuo cha watu binafsi, kipya kabisa, kwenye mji mmoja wa kando ya ziwa. Hakipo tena, na jina lake sitalitaja kwa sababu waliokianzisha wana watoto na wajukuu ambao hawana kosa. Madarasa yetu yalikuwa maghala ya zamani ya kiwanda cha ushirika cha kuchambulia pamba. Miaka ile mali ya ushirika ilikuwa inauzwa kila mahali, magari, mashine, majengo, na mwenye fedha alinunua ghala akaamua mwenyewe liwe duka, kanisa au chuo kikuu. Kwenye pembe za kuta bado kulikuwa na vishungi vya pamba vilivyoganda, na mvua ikinyesha ukumbi wa mihadhara ulinuka mbegu za pamba. Wenzangu waliotoka mbali walilalamika. Mimi nilivuta pumzi nikajiona niko nyumbani.

Nyumbani ni Zagayu. Siku hizi ukiuliza utaambiwa ni Itilima, mkoa wa Simiyu. Wakati ule tulikuwa Bariadi, na Bariadi ilikuwa Shinyanga, na kufuatilia jambo lolote mkoani ilikuwa safari ya kuagana na watu. Soko huria tulilisikia redioni kwanza, lakini tulilielewa siku wanunuzi wa pamba walipoanza kuja na pikapu zenye vipaza sauti. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha msingi, aliyechelewa kulipa lakini ulijua anakaa wapi. Sasa walikuja wengi, kila mmoja na mizani yake na ahadi zake. Baada ya pamba zikaja zahanati za watu binafsi, mabasi ya watu binafsi, sekondari, halafu vyuo. Kabla ya hapo, mtoto wa kwetu aliyekosa nafasi kwenye vyuo vichache vya serikali alirudi kwenye jembe, au akibahatika akaenda ualimu. Kwa hiyo niliposhuka kwenye basi na ule mfuko wa vipeperushi, niliamini nimebeba neema.

Baba yangu alikuwa ningi, na hapa lazima nieleze kwa wasiotoka kwetu. Wasukuma wana pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, na mtu huzaliwa ndani ya upande wake au huuingia ujanani na kuushikilia mpaka kaburini. Pamba na mahindi yakishavunwa, pande hizo hushindana. Kundi moja linasimama upande huu wa uwanja, la pili ule, ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja, na watu wako katikati. Hakuna refa wala alama. Watu wakikupenda wanakuja kwako, wakikuchoka wanavuka kwenda kwa mwenzako, na jua likiinama mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Ningi ndiye anayetunga nyimbo na kuziongoza. Akiwa mbovu, hata wachezaji hodari hawamwokoi.

Baba alikuwa wa Bagika. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, lakini ilifika mbali. Maningi wengine walisemwa kwamba wanatumia dawa za kuvuta watu, na katekista wetu alimwandama baba kila mwaka kuhusu jambo hilo. Baba alimjibu kwamba dawa yake ni moja, haimbi asichokiona. Huo ndio ulikuwa utajiri wake. Akiimba kwamba mizani ya mnunuzi fulani ina kidole ndani yake, wakulima walipeleka pamba kwa mwingine. Akiimba kwamba nyasi zimeota upande wa bondeni, wafugaji walihamisha ng'ombe bila kutuma mtu akaangalie. Watu walimpenda kwa kuchekesha, ndiyo, lakini walimfuata kwa sababu neno lake lilikuwa limetembelewa na macho yake.

Likizo ile, mkuu wa sekondari moja ya Maswa alipanga siku ya wazazi na akaalika vyuo vije kujieleza. Nilimwambia baba jioni tukiwa tumekaa nje, na mpiga ngoma wake alikuwepo. Huyo mzee alikuwa rafiki yake tangu wakiwa vijana wa kuchunga. Ngoma ya baba hakuwahi kuipiga mtu mwingine.

"Mtakuwa wangapi uwanjani?" baba aliuliza.

"Vyuo viwili, baba. Sisi na kingine."

"Siku moja?"

"Siku moja, na wakati mmoja."

Akamgeukia mpiga ngoma. "Umesikia? Wanashindana."

Nikasema hapana, si mashindano, kila chuo kinajieleza kisha mzazi anachagua mwenyewe.

"Na mzazi akishachagua anafanya nini?"

"Anakuja kwenye meza yetu."

"Basi," akasema baba, akamwangalia mwenzake kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kueleweshwa. Kisha akaniuliza nimeandaa nini. Nikamwambia hotuba. Akauliza kama ni ya kuimbwa. Nikasema ni ya kusomwa, na wale wazee wawili wakanionea huruma waziwazi.

Mpiga ngoma alikuwa na jambo lake pale. Binti yake wa mwisho alikuwa amemaliza kidato cha sita na alikwisha kuitwa chuo cha ualimu cha serikali. Yule binti alitaka shahada. Aliniuliza maswali mengi siku zile, akinifuata mpaka kisimani, na baba yake alikuwa anasikiliza bila kusema kitu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ukimwona ananyamaza ujue anapima.

Siku ya Maswa walikuja. Baba, mpiga ngoma na binti yake, na majirani kadhaa, wote juu ya lori la mnunuzi wa pamba lililokuwa linarudi Nyalikungu, mjini Maswa. Nilipowaona wanashuka nilifurahi, mpaka nilipoona wanashusha ngoma iliyofungwa kwenye kanga. Nilitaka kuwaambia wairudishe. Lakini kumwambia baba abebe nini halikuwa jambo langu, nikaendelea kupanga vipeperushi.

Mkuu wa shule, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alipanga meza ya chuo kimoja upande huu wa uwanja na ya chuo kingine upande ule, na katikati akapanga madawati ya wazazi. Hakujua alichokifanya. Wazazi walifika, wakaona pande mbili na nafasi ya katikati, na hakuna aliyekalia dawati. Wanaume kwa wanawake walisimama pale katikati, mikono nyuma, wakingoja mashindano yaanze. Mkuu wa shule aliwasihi wakae, wakamshukuru sana, "wabeja, wabeja," na wakaendelea kusimama.

Balozi wa chuo kile kingine alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani ya jua, jenereta na spika mbili. Mimi nilikuwa na karatasi. Nilianza vizuri. Niliwasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," wakaitikia kwa uchangamfu, na wengi wakasogea kwangu. Kisha nikaanza kusoma kozi zetu, maktaba, mabweni, utaratibu wa kulipa ada kwa awamu. Kule ng'ambo kijana akawasha muziki. Niliinua macho kutoka kwenye karatasi nikaona visigino vya watu. Walikuwa wanavuka, taratibu, bila ubaya wowote, wengine wakigeuka kunipungia mkono. Nilisoma kwa nguvu zaidi, na kadiri nilivyosoma ndivyo walivyozidi kwenda. Nilikuwa nimevaa fulana ya rangi ya chungwa inayoonekana kutoka barabarani, na nilitamani kulia.

Baba akaja mezani kwangu. Aliniita mayu, yaani mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Mayu, haya uliyosoma ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Umeyaona kwa macho yako?"

"Nayaona kila siku."

Hakuuliza zaidi. Alivua koti akaliweka juu ya vipeperushi vyangu, akamwashiria mpiga ngoma, na kanga ikafunguliwa.

Wimbo ule aliutunga pale pale akiwa amesimama. Aliimba kwa Kisukuma kuhusu nyumba ambamo pamba yetu ililala zamani, na sasa wanalala watoto wetu. Pamba iliingia mle ikatoka haina mbegu, mtoto ataingia atoke na mbegu kichwani. Akaimba juu yangu, kwamba mimi mchuma pamba wa Zagayu naingia mlango ambao zamani aliingia karani tu. Watu wakaanza kugeuka. Ngoma ilivyokolea akawachekesha kidogo kuhusu yule kijana ambaye miwani imemficha jua na wateja. Halafu akafika mahali ambapo ningi huweka neno lake. Akawaambia mwenye shaka asiniulize mimi, mimi ni mtoto; amuulize yeye. Na mtoto wa mtu akipotea njia huko, mzazi aje Zagayu, penye ua wa minyaa, mlango ni wake.

Walirudi wote. Hata kijana wa Dar alizima jenereta akaja kutazama, na alipiga makofi kwa haki kabisa. Fomu zangu zilikwisha nikawa naandika majina nyuma ya vipeperushi. Binti wa mpiga ngoma alikuwa wa kwanza mezani, na baba yake alikuja nyuma yake akiwa bado ameivaa ngoma shingoni, akatingisha kichwa kumkubalia. Mkuu wa shule alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kabla, ya kusimama katikati ya watu waliokuja kwa sababu ya jina la nyumbani kwetu.

Niliporudi chuoni nilipewa cheti cha balozi bora. Mkuu wangu wa idara ya udahili aliuliza kama yule mzee anaweza kukodiwa likizo ijayo aende na mabalozi wengine. Nilisimulia bwenini kama kichekesho, na nilipofika kwenye madawati ambayo hayakukaliwa wenzangu walianguka vitandani kwa kucheka. Naukumbuka ule usimuliaji na nataka kuwaambia wanyamaze wote, nikiwemo mimi.

Watu wameniuliza kama nilijua. Sikujua. Nilichowaambia wazazi nilikiona kweli: madarasa yalikuwepo, vitabu vilikuwepo, walimu walifundisha, wawili kati yao walifundisha vizuri kuliko yeyote aliyenifundisha baadaye. Kisichokuwepo kilikuwa kibali cha kutoa shahada, na kibali si kitu ambacho mwanafunzi anakiona akipita. Baba aliniuliza swali lililokuwa sahihi kwa maisha aliyoyajua, ya nyasi na mizani na mawingu. Nami nilimjibu sawasawa. Naona uchungu kwamba sote wawili tulikuwa waangalifu kwa namna ile tuliyofundishwa, na haikutosha.

Tangazo lilisomwa redioni mwaka uliofuata. Chuo chetu kiliruhusiwa vyeti tu, masomo ya shahada yakasimamishwa, wanafunzi tukaambiwa twende nyumbani tusubiri. Tulisubiri. Waliokianzisha chuo wakaacha kupokea simu, na maghala yakapata mpangaji mwingine wa kuhifadhi mchele. Mimi nilikuwa nimefika mwishoni, na baada ya kuhangaika miaka nilipokelewa mahali pengine nikarudia karibu yote, nikamaliza nikiwa mtu mzima. Wale wa Maswa na vijiji vyetu walikuwa ndio kwanza wameanza, na hakuna aliyewapokea. Binti wa mpiga ngoma alirudi na sanduku lake la bati. Ile nafasi yake ya ualimu ilikwisha kupewa mtu. Mpaka leo anauza dagaa wa Lamadi kwenye minada, amelea watoto wake vizuri, na kila akiniona ananisalimu kwa upole. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana.

Wazazi walikuja nyumbani kwetu asubuhi moja, baada ya kupalilia. Walikuja pamoja, wamevaa nguo za kanisani. Salamu zilikuwa ndefu: waliulizana habari za mvua, ng'ombe, wagonjwa, kila kitu "mhola," salama. Mama akawapikia, wakala. Mpiga ngoma alikaa mbali kidogo na baba, na sikuwahi kuwaona wamekaa hivyo. Walipomaliza kunawa, mmoja wao akasema, "Ningi, ulituambia mtoto akipotea njia tuje."

"Niliwaambia," alisema baba.

"Basi tumekuja."

Baba aliwauliza wanataka awafanyie nini. Walitazamana. Yule yule akasema kwamba hawakuja kudai kitu, hawajui hata cha kudai. Wamekuja kwa kuwa yeye alisema waje.

Nilikuwa nasikiliza jikoni. Nilitoka nikapiga magoti mbele yao, nikawaambia kwamba baba hakukijua kile chuo, mimi ndiye niliyemwambia, wanilaumu mimi. Mpiga ngoma ndiye aliyenijibu, na alinijibu kwa upole.

"Mwanangu, wewe hatukukusikiliza. Wewe ulisoma karatasi, tukaondoka. Tulirudi kwa ajili yake."

"Binti yangu alisema alichokiona," baba akasema. "Na mimi nilimwona yeye. Sikuangalia kingine."

Walimshukuru kwa chakula, wakaaga mmoja mmoja. Baba aliwasindikiza mpaka mwisho wa ua, akabaki amesimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kusindikiza wageni. Mimi nilibaki nimepiga magoti nikiona aibu kuinuka. Nilikuwa nimedhani kwamba lawama ni kitu ninachoweza kukichukua kutoka kwake, kama mzigo wa kuni, nikajitwike mwenyewe.

Msimu wa ngoma ulipofika mama alimwomba apumzike mwaka ule. Baba alisema ningi asiyetokea anasemwa zaidi ya anayeshindwa. Siku chache kabla, mpiga ngoma alituma ujumbe kwamba mkono wake umevimba. Baba alimpa pole kupitia kwa yule aliyeuleta, hakwenda kumtazama, na ngoma ikapigwa na mchezaji mwingine aliyekuwa mzuri tu.

Walishindana kwetu Zagayu, kwenye uwanja wa karibu na kituo cha kununulia pamba. Ningi wa Bagalu alitoka upande wa Bariadi, kijana mwenye sauti nene na mdomo mchafu, jambo ambalo kwenye ngoma si kosa. Kutaniana ndiyo kazi. Alianza na mambo ya kawaida, kwamba baba amekonda hata kivuli chake kinamkimbia, watu wakacheka na baba akacheka. Baba alimjibu na watu wakaja upande wetu. Kisha kijana akaimba juu ya mzee mmoja anayepangisha watu nyumba asimolala. Hakutaja chuo. Hakuwa na haja.

Walianza kuvuka. Nilikuwa nimekulia kwenye viwanja vile, nilijua watu huenda na kurudi, kwa hiyo mwanzoni sikuhofu. Baba alileta wimbo wa zamani ambao haukuwahi kumwangusha, kuhusu mwaka wa njaa na mbuzi aliyekula kofia ya bwana shamba. Wachache waligeuza vichwa. Hawakurudi. Waliovuka walikuwa majirani zetu, wazazi wa kanisani, wanawake niliochuma nao pamba, na hakuna aliyezomea wala kusema neno baya. Walikwenda tu. Nikaanza kuelewa kwamba hawakuwa wanausikiliza wimbo tena. Walikuwa wanamsikiliza yeye na wanajiuliza kama ameona.

Mwishowe upande wetu nilibaki mimi na mama, na mama alikuwa nyuma kabisa, kando ya ukuta wa kituo cha pamba. Mimi nilisogea mbele. Nilijiambia kwamba hata watu wote wa Zagayu wakivuka, mimi sitavuka, nitasimama mbele ya baba yangu mpaka amalize, aone kwamba hajaachwa peke yake. Nilisimama wima katikati ya uwanja ule mtupu, nikapiga makofi kwa mdundo wa ngoma.

Baba akaendelea kuimba. Wachezaji wake walikuwa wamechoka, wengine wakawa wanakanyaga tu bila kuruka. Aliniangalia, akatingisha usinga wake chini, karibu na goti. Nilidhani ananishukuru. Akautingisha tena. Nikapiga makofi kwa nguvu zaidi. Sauti yake ikapasuka, akakohoa, akaanza upya ubeti aliokwisha kuimba, na ule mkwaruzo tuliouzoea ukawa ndio sauti yote iliyobaki. Kule ng'ambo Bagalu walikwisha kumaliza. Ngoma yao ilinyamaza, na umati mzima ukageuka kututazama, mzee anayeimba na binti yake anayepiga makofi. Nilijisikia shujaa. Nasema ukweli, nilijisikia hivyo.

Mama alikuja akanishika mkono. "Twende."

"Siwezi kumwacha peke yake."

"Twende, nakwambia," na akanivuta kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nikageuka kwa hasira. Hapo hapo nilipompa mgongo, kabla sijapiga hatua, wimbo ukakatika nyuma yangu na ngoma ikanyamaza.

Tulirudi nyumbani sisi watatu kwa njia ya mashambani, kati ya vishina vya pamba vilivyokwisha kukatwa. Baba alitembea mbele. Hakuwa na hasira, alikuwa anahema tu. Tulipokaribia nyumbani alipunguza mwendo mpaka nikawa sambamba naye, akazungumza kwa sauti ambayo ilikuwa imekwisha kabisa, na haikuwahi kurudi uwanjani tena.

"Mayu," alisema, "mtu akisimama mbele yangu mimi siwezi kunyamaza. Nilikuwa nakwambia uende."